Traudel Atakuja na Timu

Herne, 11 Januari 1948

Mpendwa kaka Reinhold,

Salamu katika jina la Bwana. Hujambo, na kifua chako kimeacha kukohoa? Wifi Milda naye hajambo? Sisi tumeuona mwaka, namshukuru Mungu. Heiner wangu amepona miguu aliyorudi nayo mbovu kutoka kambi ya mateka, na tangu Novemba anashuka mgodini kama zamani. Baridi ya mwaka huu ina huruma kidogo kuliko ile ya mwaka jana. Viazi ni haba, lakini wachimba makaa wana mgawo wa ziada, basi hatulali njaa.

Sasa jambo lenyewe. Tumepewa vyumba viwili, ghorofa ya pili, na madirisha yote yana vioo. Mwaka juzi uliniandikia kwamba nisubiri nipate pa kukaa, mtoto hawezi kulelewa ndani ya handaki. Ulisema kweli, nikasubiri. Mwaka jana ukasema nisubiri Heiner arudi. Amerudi. Traudel alikuwa na miaka minne nilipompandisha treni ya watoto waliokuwa wakikimbizwa mabomu, na kadi shingoni yenye jina lako. Mwezi Machi atatimiza tisa. Namtaka mwanangu nyumbani, kaka.

Nimeomba kibali cha kuvuka mpaka niingie ukanda wenu wa Warusi nije kumchukua. Nimekataliwa. Nitaomba tena. Nawe huko angalia kama kuna njia nyingine. Na uniambie, ananitajaje? Picha yangu bado anayo?

Wako,
Selma


Oberreuth, 22 Februari 1948

Dada yangu mpendwa Selma,

Amani ya Mungu iwe nawe na shemeji Heiner. Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilifika na utepe wa wapekuzi ubavuni, halafu nikaugua, halafu kazi zikarundikana. Kifua kimepoa sasa. Milda anakusalimu. Paa la kanisa limezibwa, kengele bado hatuna. Traudel hajambo kabisa, amekua, soksi zake za msimu uliopita Milda amezifumua na kuzifuma upya mara mbili.

Kuhusu njia, nafikiri imepatikana, tena mahali ambapo usingedhani. Unajua mimi ndiye ninayetengeneza njumu za timu ya hapa. Ndugu zetu kanisani wananitania kwamba alfajiri nipo ibadani na mchana nipo uwanjani, na sijulikani namwomba nani. Basi timu hii mwaka huu haishikiki. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu vita, utachezwa ubingwa wa Ujerumani nzima. Bingwa wa ukanda wetu atavuka kwenda kucheza na mabingwa wa kanda za kwenu.

Nikamwendea mwenyekiti, mzee Seifert, nikamweleza habari ya mtoto. Akacheka. Akasema, "Uhlmann, fundi wa viatu lazima asafiri na timu, la sivyo nani atagonga misumari? Na orodha yote inapigwa mhuri mmoja. Jina la mtoto anayerudi kwa mama yake halitaivunja karatasi."

Kwa hiyo tulia. Tukishinda huku, Traudel atakuja na timu.

Kaka yako,
Reinhold


Herne, 30 Machi 1948

Mpendwa kaka,

Pasaka njema, ingawa imepita. Habari ya afya zenu? Sisi wazima. Siku ya kuzaliwa kwa Traudel nilioka keki ya karoti tukaila wawili, mimi na Heiner, tukiwa tumevaa nguo za kanisani.

Barua yako nimeisoma hata imechanika mkunjo. Heiner alicheka mpaka akakohoa makaa. "Yaani mwanangu ataletwa na mshambuliaji wa kati! Mwambie shemeji amfunge vizuri kwenye wavu." Lakini siku hizi hata yeye, akitoka zamu, haulizi chakula kwanza. Anauliza, "Oberreuth wamecheza?" Mimi ambaye sijawahi kujua mpira una pembe ngapi nasoma kurasa za michezo. Nilimuuliza mchungaji kama ni dhambi kuombea mabao. Akasema, "Mama Brinkmann, wewe ombea mtoto, mabao yatajua yenyewe pa kwenda."

Kibali nimenyimwa mara ya pili. Kwa hiyo tumebaki na timu tu.

Hukunijibu niliyokuuliza, jinsi anavyonitaja.

Selma


Oberreuth, 23 Mei 1948

Dada yangu Selma,

Bwana awatunze. Vipi mgongo wako, na shemeji anaendeleaje na vumbi la mgodi? Sisi tu wazima. Bustani imetoka vizuri, vitunguu na njegere, sungura wamezaa saba.

Tumeshinda ubingwa wa Saksonia, Selma! Bao mbili kwa moja, la pili dakika ya mwisho. Ungemwona Hempel, nahodha wetu, jitu la mgodini, analia kama mtoto mchanga. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa akimtukana kutwa, "Hempel, ng'ombe wewe, kimbia, mkeo anakuja!" Alipofunga akageuka kuniambia, "Yule ni mume wangu." Traudel amepoteza sauti kwa kushangilia. Mpaka sasa anaongea kama jogoo mzee.

Zimebaki mechi chache za ukanda. Ya kwanza ni Leipzig, Jumapili ya tarehe 13 Juni, na atakayefungwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Mzee Seifert ameshaandika orodha. Jina la Traudel ni la ishirini na moja, la mwisho. Nimeliona kwa macho yangu.

Milda amemshonea mtoto koti la safari kutoka blanketi la jeshi, na kola ya bluu. Tangu alimalize hasemi sana.

Unisamehe, mwanga umepungua na kesho nina viatu vya msiba.

Reinhold


Oberreuth, 20 Juni 1948

Dada Selma,

Salamu. Natumaini mu wazima. Hapa hatujambo.

Tumefungwa Leipzig, tatu bila. Uwanja ulikuwa na matope. Basi, safari haipo. Bwana hakupenda.

Mtoto hajambo. Nimekutumia kifurushi cha uyoga mkavu na mavazi yake ya zamani, uone alivyokuwa mdogo.

Reinhold


Herne, 25 Julai 1948

Kaka Reinhold,

Habari za huko? Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuweza. Heiner hajambo, mimi pia sijambo, ila sijambo yangu ni ya kutembea tu. Tumepewa fedha mpya. Kulipokucha madirisha ya maduka yalijaa sufuria na siagi na baiskeli, tukasimama barabarani tunatazama kama watu wa sarakasi wamefika. Nilinunua jozi moja ya viatu vya mtoto kwa kukisia mguu.

Uyoga ulifika salama. Ahsante. Ulikuwa umefungwa kwa gazeti la kwenu, nami situpi karatasi, nikalinyoosha kwa pasi ili niwashie jiko. Heiner akalikuta mezani. Kulikuwa na habari ya mechi yenu. Mwandishi amesema wachezaji wa Oberreuth waliteleza tangu dakika ya kwanza hadi ya tisini, kwamba wenzao walivaa njumu za matope na ninyi njumu za kiangazi, na kwamba mvua Leipzig ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi.

Heiner alicheza mpira ujanani. Akaniangalia, akauliza, "Shemeji si ndiye fundi? Zile njumu alizigongea nini?" Nikamwambia asilete utani. Akasema hatanii.

Nikakaa na jambo hilo wiki mbili. Wewe ni mtu ambaye babu alikuwa akikuuliza lini avune nyasi, kwa sababu unanusa mvua ikiwa bado Bavaria. Sasa nakuuliza mimi, si Heiner.

Kitu kingine. Nasikia hata timu iliyochukua ubingwa wa ukanda wenu haikupewa ruhusa ya kuvuka. Wamebaki hukohuko na mabegi yao. Nimeyaandika haya ili usidhani sijui.

Selma


Oberreuth, 5 Septemba 1948

Selma, dada yangu wa pekee,

Neema ya Bwana iwe kwako. Sikuulizi habari za afya kwa desturi leo. Nauliza kwa sababu naogopa nimekuuguza. Unalala? Mgongo unakuruhusu kuinama?

Barua yako nimekaa nayo wiki tano mfukoni mwa aproni. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba ni bahati mbaya. Nikaichana. Mara ya pili niliandika kwamba ngozi ilikuwa haba. Nayo nikaichana, ingawa ngozi kweli ilikuwa haba.

Unajua desturi yetu. Kabla ya Meza ya Bwana mtu anakwenda kujiandikisha kwa mchungaji, naye anauliza kama una neno na ndugu yako. Tangu Juni nimekaa kwenye benchi mara mbili wenzangu wakienda mezani. Mara ya pili Milda alikwenda peke yake, akarudi akakaa kando yangu. Wiki iliyopita mchungaji alikuja karakana na kiatu kizima kabisa, hakina tundu, akasema kinamsumbua. Nikakigeuza, nikakigeuza. Akasema, "Ndugu Uhlmann, kiatu hakina neno." Nikamwambia yote. Akasema, "Si mimi ninayepaswa kuambiwa." Kwa hiyo nakuambia.

Chini ya njumu hugongomewa vimeno vya ngozi. Uwanja mkavu, vimeno vifupi. Uwanja wa matope, virefu, vishike. Vinagongwa siku moja kabla ya mechi, na mwenye kuamua ni fundi. Wachezaji hawaulizi, wanavaa. Jumamosi ile, tarehe 12, asubuhi, mtu wa posta alileta kadi kutoka kwa binamu yetu Leipzig. Niliisoma mlangoni. "Uwanja umelowa kama sifongo, jiandaeni." Nikaiweka kwenye droo ya nyuzi. Hempel akapita saa nne, akauliza, "Vipi mzee, vifupi au virefu?" Mbingu ya hapa ilikuwa safi. Nikamwambia, "Vifupi."

Jozi kumi na nne, Selma. Nilizigonga moja baada ya moja, nikawa na nafasi ya kuacha katika kila moja.

Uwanjani walianguka kama watu waliomwagiwa sabuni. Watu wa Leipzig wakapiga kelele, "Wapeni magongo! Waiteni mama zao!" Wakati wa mapumziko Hempel alikaa matope mpaka masikioni, akanionyesha unyayo wake. "Mzee Uhlmann, hivi ni vya mpira au vya arusi?" Wote wakacheka. Hakuna aliyenishuku hata kidogo. Nilikuwa na vimeno virefu ndani ya sanduku. Dakika kumi na tano zinatosha kubadilisha jozi nne au tano. Nilisema nimevisahau nyumbani.

Sababu unaijua. Lakini umeniuliza mara mbili jinsi anavyokutaja, nami mara mbili nikakuhadithia sungura na mabao. Anamwita Milda mama. Mimi ananiita baba. Wewe ni shangazi Selma wa Herne. Hatukumfundisha. Ilianza majira ya baridi ya mwaka arobaini na nne, alipokuwa na homa, na hatukumkanya. Hilo la kutokumkanya ndilo langu. Picha yako niliihamishia ndani ya kabati.

Mungu hakutujalia mtoto, unajua. Lakini najua pia kwamba huyu Mungu hakutupatia awe wetu. Alitukabidhi tu.

Milda anasema, "Hata wangeshinda wasingevuka, kwa hiyo hukuharibu kitu." Nilijaribu kuliegemea neno hilo siku mbili tatu. Halinibebi.

Sina la kuomba. Fanya unavyoona.

Reinhold


Herne, 14 Septemba 1948

Kaka Reinhold,

Sijambo. Heiner hajambo. Mwezi uliopita alikwenda Köln na wenzake wa mgodini kutazama fainali, akarudi na furaha ya Nürnberg, mbili kwa moja, akidai angefunga la tatu yeye mwenyewe. Barua yako ilimkuta bado anasimulia. Hajasimulia tena.

Alisema kama Milda, kwamba mlango ungefungwa tu. Nikamwambia hiyo si hoja. Kaka yangu hakuyajua hayo alipokuwa na nyundo mkononi.

Nimelia siku tatu, nikiwa nafua, ili nisipoteze kazi. Kisha nikakumbuka kitu ambacho sikupenda kukikumbuka. Mwaka ule wa arobaini na tatu sikukuomba umtunze. Nilimpandisha treni tu, nikaandika jina lako kwenye kadi, nikijua utampokea. Na wewe hukuandika hata mara moja kwamba ni mzigo. Nakuambia hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu hasira imekwisha. Haijaisha.

Habari ya njumu sina mamlaka nayo. Ile ni ya wale vijana. Ukawaambie wewe, kwa mdomo wako.

Kibali nimepewa, mara ya tatu, siku kumi. Nitafika Ijumaa tarehe 1 Oktoba na treni ya mchana. Nitakaa kwenu, nitalala jikoni kama pana nafasi. Usimwambie chochote kabla. Itoe tu ile picha kabatini. Mengine nitamwambia mimi. Na siku ya kuondoka uwe stesheni wewe na Milda, wote wawili. Usijifiche karakana.

Selma


Oberreuth, 17 Oktoba 1948

Dada yangu Selma,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwenu. Mlifika salama? Mpakani waliwaweka sana? Shemeji Heiner alikuwapo stesheni, na alifanyaje alipomwona? Mgongo wako uliubeba vipi mkoba ule, na Milda alikuwa ameujaza matofaa chini mpaka juu?

Sisi hatujambo. Milda amerudi kwaya. Juzi nilimsikia akigombana na sungura, nikashukuru.

Nilikwenda kwa vijana siku ya tatu baada ya ninyi kuondoka. Niliwakuta wanabadilisha nguo baada ya mazoezi. Nikawaambia yote, habari ya kadi, ya droo, na ya vimeno vilivyokuwa ndani ya sanduku. Hempel akasema, "Mwezi mzima nimemlaumu golikipa." Golikipa akasema, "Miezi minne." Mmoja akachukua njumu zake akatoka, na nasikia wanne wamepeleka zao kwa fundi wa kijiji cha pili. Mzee Seifert ameniomba nisiingie chumba cha wachezaji tena msimu huu. Nimekubali. Hempel alikuja Ijumaa na njumu zake, akazitupa juu ya meza, akasema, "Nikiteleza safari hii nakuchinja." Sijui kama ni msamaha. Nimezigonga vizuri.

Na nimekwenda Mezani, Selma.

Nataka kukuambia jambo ambalo hukulisikia, maana ulikuwa tayari ndani ya behewa unatafuta viti. Ulipomwambia mtoto ile siku ya Jumatatu, mkimenya viazi, sisi tukiwa nje, nilidhani ndipo alipojua. Pale stesheni Milda alikuwa anamfunga vifungo vya koti. Traudel akamwambia, "Usilie. Mimi nilikuwa najua siku nyingi. Picha ya kabatini ina jina langu nyuma, na neno mama. Sikusema kwa sababu ninyi mlipenda nisijue." Kisha akanipa mkono, kama mtu mzima, akasema, "Kwaheri, mjomba."

Miaka mitano hakuwahi kuniita hivyo. Alilitamka sawasawa, bila kukosea, kama neno alilokuwa amelitunza.

Treni ilipoondoka Milda alinishika mkono, tukabaki mpaka mfagiaji akatuomba tusogeze miguu.

Sasa nina maswali, nawe ujibu utakayotaka. Shule ameanza? Watoto wa huko wanamcheka lafudhi yetu? Kama wanamcheka, mwambie awajibu kwa mpira, ana shuti la kushoto ambalo hakuna msichana huku aliye nalo. Viatu ulivyonunua kwa kukisia vilimtosha? Kama vinambana kisigino, vilowanishe kidogo kwa ndani, uvipige polepole na mpini wa nyundo. Usiku huwa anaomba mlango uachwe wazi kidogo, usimfungie.

Wiki nzima sasa mtu wa posta anapita mlangoni bila kusimama. Milda anajifanya anafagia ngazi. Mimi sijifanyi chochote, nakaa dirishani. Najua sina haki ya kukuharakisha, mimi niliyekuweka wiki kwa wiki. Lakini nakuomba, dada, uandike hata mistari miwili, na uiandike mapema.

Kaka yako,
Reinhold